Duka Lisilosema Karibu Tena

Kina mama wa Rusimbi wakimtuma mtoto sukari humwongezea neno moja mlangoni: "Usipitie kwa Siwema." Mtoto akiuliza kwa nini, anaambiwa aende upesi, maji ya chai yanachemka. Basi watoto wa mtaa ule hukua wakilijua duka la Siwema kwa nje tu: mlango wa bluu, ukumbi mdogo wa saruji, na kipande cha bafta nyeupe kinachoning'inia juu ya mlango, kikipepea upepo wa ziwa ukipanda.

Bafta ile ndiyo iliyowakimbiza watu. Duka lilikuwa na sukari, chumvi, betri, sabuni za mche na biskuti kama maduka mengine, lakini ndani, kwenye rafu ya juu, yalilala majora ya sanda, na chini yake ubani, pamba, marashi na karafuu maiti. Waislamu walichukua hapo sanda, Wakristo wakachukua hapo kitambaa cha kutandika ndani ya jeneza. Wajawazito hawakupita upande ule wa barabara. Wavuvi wakishuka jioni na taa zao kwenda ziwani waligeuza shingo, wakanunua sigara na majani ya chai kwingine, hata kama kwingine ni mbali. Vijana wa bodaboda hawakuegesha hapo, walisema abiria wa kwanza ukimpakia mbele ya sanda siku nzima imeharibika.

Hata Catherine, mwenye saluni ya jirani, rafiki wa Siwema wa kufa na kuzikana, hakuwahi kuuvuka mlango ule. Akipika samaki wa migebuka alimletea bakuli, akasimama barazani na mkono ameunyoosha kama anayelisha ng'ombe mkali.

"Pokea basi, mkono unaniuma."

"Si uingie, Catherine? Kiti hiki hapa."

"Niingie nifuate nini? Siku yangu ikifika si mtanifuata wenyewe?"

Siwema alicheka, akapokea. Alishazoea.

Duka lilikuwa la baba yake, mzee Asumani. Siwema aliporudi kutoka kwa mume, ndoa imemshinda, mzee hakumuuliza maswali. Alimsogezea kiti nyuma ya meza, akaanza kumfundisha. Anayekuja kununua sanda utamjua anavyotembea, alimwambia, anakuja kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Mpe kiti kwanza. Mpe maji. Usimuulize nani, atasema mwenyewe. Bei mtajie mara moja, ndogo kadiri unavyoweza, asije akajikuta anabishana juu ya mama yake. Pima kwa mkono, chana kwa mkono, kunja, mpe kwa mikono miwili. Mwambie, "Mungu awape subira."

"Na neno moja, mwanangu," mzee alisema, "katika duka hili hatusemi karibu tena."

"Hata kwa anayenunua pipi, baba?"

"Hata kwa wa pipi. Mdomo ukizoea, hauchagui."

Siwema alilishika hilo. Alijifunza kuchana bafta kwa mkupuo mmoja, mstari umenyooka kama umepigwa rula, hata mzee akawa anamwachia kazi yote na kukaa barazani na kahawa yake. Mzee alipofariki, Siwema ndiye aliyeichana sanda yake. Hakumpa mtu mwingine jora lile alishike. Alikunja, akampa mdogo wake Yassir kwa mikono miwili, kama mgeni yeyote.

Yassir alikuwa na duka la simu na vipodozi kule mjini. Kijana mchangamfu, shati lake limepigwa pasi, simu mbili mkononi. Mambo ya arobaini yalipokwisha alikuja, akasimama katikati ya duka na kuangaza macho.

"Dada, nisamehe, lakini hili ni duka gani ambalo watu wanalikimbia?"

"Wanaokuja wanakuja."

"Wanakuja wakiwa wamefiwa! Sikiliza. Toa hicho kitambaa mlangoni. Sanda ficha. Mtu akiingia mchangamkie, akitoka mwambie karibu tena, kama wafanyabiashara wote wa dunia hii. Wateja wakija, duka ni lako, siligusi. Wasipokuja, mwezi ujao naleta vipodozi vyangu na msichana wa kuviuza, wewe ukapumzike nyumbani."

Kupumzika nyumbani. Siwema alilijua neno lile lina maana gani kwa mwanamke aliyeachika: kukaa uani kwa mdogo wako, unachambua mchele, unasubiri kuulizwa umekula. Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alipanda kwenye kigoda, akakishusha kitambaa, majora akayatia kwenye kiroba na kuyasukuma chini ya meza. Rafuni akapanga biskuti na nguo za watoto.

Siku chache za mwanzo watu walipita wakichungulia. Kisha akaingia mtoto, akafuata mama yake, mwisho wakaingia wavuvi kwa kundi, wakichekana kuwa kumbe humu ndani hakuna hata mzimu mmoja. Siwema alikuwa anapima sukari mpaka mkono unachoka. "Asante, karibu tena. Karibu tena, mwanangu. Karibu tena, kaka." Neno lilikuwa gumu mwanzoni. Baadaye likawa linatoka lenyewe, kama pumzi.

Yassir akipiga simu alikuwa anacheka. "Unaona, dada?"

Aliona. Na bado kila jioni alipofunga alijihisi kama mtu aliyeshinda kutwa katika nyumba ya watu.

Siku moja, saa sita mchana ikikaribia, duka limejaa, aliingia mzee mmoja amelowa jasho, shati limemganda mgongoni. Aliwapita watu wote hadi mezani.

"Mwakeye," alisalimu kwa Kiha, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Mwanangu, hapa ndipo kwa Asumani?"

"Ndipo, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Nyabenda, natoka Mwamgongo. Nimepita hapa mara mbili, sikuona kitambaa. Nimezunguka mji mzima. Boti yangu inaondoka Kibirizi sasa hivi na mama yangu yuko ndani amelala, ananisubiri."

Watu dukani wakaelewa amelala usingizi gani. Mama mmoja mwenye tumbo kubwa aliacha sabuni yake juu ya meza, akatoka kinyumenyume. Wavuvi wakafuata, mmoja anasema chinichini, "Si nilikwambia?"

Siwema aliinama, akavuta kiroba. Haraka ilimshika mikono. Kiti hakumpa, maji hakumpa. Alipima, akachana, akakunja, akampa, akapokea pesa, na mdomo wake, mdomo uliokuwa umezoea, ukasema:

"Asante mzee, karibu tena."

Nyabenda alisimama na kitambaa kifuani. Hakukasirika, hata uso hakukunja. Alimtazama tu kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Hapana, mwanangu," alisema taratibu. "Nisikaribie."

Akatoka mbio kwenda kutafuta pikipiki.

Siwema alikaa kwenye kile kiti cha wageni, mkono mdomoni. Catherine aliwaona watu wakitoka, akaja kutoka saluni hadi barazani.

"Kuna nini? Wateja wako wametoka kama wameona nyoka."

Siwema alimweleza. 

"Utafanyaje sasa?"

"Nitakwenda msibani."

"Mwamgongo? Humjui hata mtu mmoja!"

"Najua nilichomwambia."

Kesho yake alifunga duka, akachukua sukari na sabuni za mche, akashuka Kibirizi kupanda boti ya kwenda kaskazini. Boti ilijaa watu, magunia ya unga wa muhogo, madumu matupu ya mawese na kuku waliofungwa miguu. Ilipita chini ya milima ya Gombe, ikishusha mtu hapa, mzigo pale. Njia nzima Siwema alikuwa anapanga maneno. Akiyapanga yalikuwa mazuri. Akiyarudia yalikuwa ya kijinga.

Mwamgongo hakuuliza njia, alifuata wanawake waliobeba kuni kwa pamoja. Penye msiba palijaa. Nyabenda alikuwa amekaa na wanaume chini ya turubai. Siwema alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti.

"Mzee wangu, pole sana. Mimi ni yule wa duka. Nimekuja kwa lile neno nililokwambia jana. Baba alinikataza, nami nikalisema. Naomba unisamehe."

Wanaume walitazamana. Nyabenda alimshika bega, akamwinua.

"Umepanda boti kwa ajili ya neno?"

"Ndiyo, mzee."

Nyabenda aligeuka akaita kwa sauti, ikasikika hadi jikoni: "Enyi kina mama! Njoni mumpokee mtoto wa Asumani!"

Hapo ndipo Siwema alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliwaza hata siku moja. Wanawake walitoka jikoni, mikono ina unga, macho mekundu ya moshi, na kila mmoja alikuwa anamjua. Bibi mmoja alisema mume wake alivikwa sanda iliyotoka duka lile, na kwamba mzee Asumani alimpa maji kwenye kikombe cha bati. Mwingine, mama wa makamo aitwaye Elida, alisema kitambaa cha jeneza la dada yake kilitoka kwa Siwema mwenyewe. "Hukunikumbuka, lakini mimi nakukumbuka. Nilisahau pesa kwenye boti, ukaniambia niende nikazike kwanza." Walimwekea nafasi kwenye mkeka, katikati, mahali wanapokaa wa damu. Walimpakulia ugali wa muhogo na maharage, wakamwambia ale, amesafiri.

Rusimbi nzima ilimkwepa kama shimo. Huku, ng'ambo ya milima, alikuwa na ndugu nyumba kwa nyumba na hakujua.

Alipoaga, Nyabenda alimsindikiza hadi ufukweni.

"Lile neno limeisha," alisema. "Mimi kilichoniuma ni mlango. Mtu ukifiwa, macho hayasomi vibao, yanatafuta kile cheupe. Sisi huku tumekariri hivyo tangu utoto. Usitufiche tena, mwanangu."

Siwema alirudi Rusimbi, na kabla hata ya kuvua viatu alipanda kwenye kigoda. Kitambaa cha zamani kilikuwa kimeingia mikunjo na rangi imechoka. Akakiacha, akachana kipya, cheupe kabisa, kirefu kuliko cha kwanza, akakitundika. Majora akayarudisha juu.

Wavuvi wakageuza shingo zao tena. Mama mwenye tumbo alituma mtu kufuata sabuni yake, mtu huyo akaipokelea dirishani. Siwema aliwaangalia wanavyovuka barabara na, ajabu, hakuona uchungu.

Habari zikafika mjini. Yassir hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, bajaji ikimfuata nyuma imejaa makasha ya vipodozi hadi kwenye paa.

"Tulikubaliana, dada."

"Tulikubaliana. Nami nimeshindwa."

"Umeshindwaje wakati wateja walikuwa wanajaa?"

"Nimeshindwa kuwa muuza sukari. Yassir, hicho kitambaa unachokionea aibu ndicho kilichokununulia viatu vya sekondari. Ndicho kilichokulipia chumba chako cha kwanza mjini. Ulikula bila kuuliza kilitoka rafu gani."

 Yassir alimgeukia dereva. "Leonardi, shusha mzigo."

Leonardi alizima injini, akatazama juu ya mlango, akawasha tena.

"Bosi, mimi humo siingii."

"Nini?"

"Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nikipita chini ya hicho kitu, mama mkwe atanitoa roho yeye kabla ya malaika."

"Nitakuongezea pesa!"

"Ongeza bosi, niongezee, lakini kasha nitakuwekea hapa barabarani."

Yassir alisonya, akanyakua kasha la kwanza mwenyewe, akaliweka begani na kupanda barazani. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda. Bafta ilimpiga usoni, ikamfunika macho na pua, nayo ilikuwa na harufu ya ubani kidogo. Akasimama. Kasha begani, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Siwema aliona mkono wake mwingine unainuka taratibu, akadhani atakichana. Yassir alikishika kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyoshika nguo ya mzazi, akakaa nacho hivyo. Bila shaka wote wawili walikuwa wanaiona siku moja, ile ya sanda ya baba yao, ile ya mikono miwili.

"Ulikichana vizuri, dada," alisema hatimaye. "Kile cha mzee. Hata imamu alisema."

"Najua."

Alirudi kinyumenyume hadi barabarani na kasha lake. Sasa likawa tatizo lingine, maana bajaji nzima ya mafuta na losheni haina pa kwenda. Catherine alikuwa ameshatoa kichwa dirishani tangu mwanzo, rola za mteja zikiwa mkononi.

"Na hivyo vipodozi?" aliita. "Mimi saluni yangu ina rafu tupu ukutani, na huku kwangu hakuna anayekufa ila kwa kusukwa kichwa!"

Yassir alicheka kwanza kwa kulazimishwa, halafu kweli. Wakaanza kuelewana bei ya nafasi palepale barabarani. Leonardi alishusha makasha kwa haraka ya ajabu, uso kaupeleka upande wa pili, akitembea kama kaa.

Siwema alitoka barazani na kikombe cha maji, akamnyooshea kwa mbali, mkono wote.

"Pokea, kaka. Mkeo anaitwa nani?"

"Diana."

"Mwambie Diana nimemwombea ajifungue salama. Na asije huku."

"Haji, dada!" Leonardi alisema, akigugumia maji. "Hata kwa fimbo haji!"

Siwema alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akarudi ndani, chini ya kitambaa chake, akachukua fagio na kuanza kufagia mahali pa kuweka kile kiti cha wafiwa.