Stendi Nzito ya Merle

Msimu huu hakuna aliyekaa kwenye jiwe la Merle Tveit, juu ya bonde alimowinda kulungu kwa miaka arobaini, hapa Montana.

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, ndiyo maana mwaka jana alikwenda dukani kununua stendi ya miguu mitatu ya kuegemezea bunduki. Akashika ile nyepesi.

"Hiyo ya bibi harusi, kaka!" Orrin, mdogo wake, alicheka mbele ya wateja. "Nikubebee na mkoba?"

Merle akairudisha, akanunua ile nzito ya chuma.

Mlimani ilimshinda katikati ya mteremko, akaiacha kwenye theluji. Kulungu alipotokea, Merle alifyatua bila egemeo, na risasi ikamwingia mnyama tumboni. Yeye, Orrin na wenzao wa kambi ya uwindaji walifuata damu mpaka giza likaingia. Siku ya tatu kunguru ndio waliowaonyesha mnyama alikofia.

"Anayejeruhi na kupoteza hashiki tena bunduki kambini kwetu," Orrin alisema. "Sheria uliiweka wewe, kaka. Au umesahau ulivyomfukuza baba?"

Merle akamkabidhi bunduki yake.

Leo wenzake wako mlimani. Yeye yuko kambini, anamenya viazi.