Mume wangu kashika upole, jirani kashika njia yetu

Admin, jina langu libaki kwako, maana humu najua wapo watu wa jumuiya yetu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina mume na watoto wawili. Tunaishi Goba, kule kwenye mteremko, na nauza vitambaa vya makochi Keko. Tunaye pia mama mkwe, tulimleta kutoka Mbeya baada ya kupata kiharusi. Anatumia kiti cha magurudumu.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi. Kwaresima hii katekista alikuja na wazo la kuandika zile Heri za mlimani, za kwenye Injili, kwenye vikaratasi, kila kaya ichote kimoja bila kuangalia na kukiishi mpaka Pasaka. Mume wangu ndiye mwenyekiti, akachota wa kwanza. Akapata Heri wenye upole. Nilicheka moyoni, maana huyu bwana hata kuku hajawahi kumfukuza kwa sauti.

Kumbe nilikuwa nauchekea msiba wangu. Haikupita wiki, jirani yetu wa juu, ambaye tunasali naye, aling'oa minyaa ya mpakani na kuanza kuchimba msingi wa ukuta katikati ya njia yetu. Hiyo ndiyo njia pekee ambayo bajaji inafika mpaka mlangoni kumchukua mama kwenda mazoezi hospitalini na kanisani. Upande wa pili ni korongo. Ukuta ukisimama utabaki uchochoro wa mtu mmoja, tena apite kiubavu.

Nilirudi kutoka Keko nikakuta mafundi wanachimba, na mume wangu anawapelekea maji ya kunywa. Jamani!

"Baba Neema, huyu mtu anatufungia njia, na wewe unawapa maji?"

"Nimeshaongea naye kwa upole. Kasema atafikiria."

"Anafikiria huku anachimba?"

"Mama Neema, mie nimechota upole mbele ya jumuiya nzima. Nikienda kushtaki watu watasemaje?"

Tangu siku hiyo sina raha. Dukani mteja akiuliza bei namtajia ya kitambaa kingine. Kila saa nampigia Neema simu kumuuliza ukuta umefika wapi. Nikamfuata jirani mwenyewe. Alinipokea vizuri, akanipa na kiti, kisha akasema, "Dada, mzee mwenyewe kanyamaza, wewe presha ya nini?" Yaani upole wa mume wangu ndio umekuwa hati yake ya kiwanja.

Jana sala ilikuwa kwake. Tulipofika kwenye kupeana amani alininyooshea mkono, mimi nikajifanya natafuta rozari kwenye mkoba. Tuliporudi nyumbani mume wangu akanifokea, "Umenitia aibu!" Nikamwambia kumbe sauti unayo, basi kaitumie kwa jirani. Nikamwambia pia kwamba Jumatatu naenda kwa mtendaji wa mtaa, apende asipende. Akasema nikikanyaga huko anaachia uenyekiti, na nijue nimemvua nguo mbele za watu.

Mama mkwe alikuwa hapo hapo sebuleni. Tangu augue maneno humtoka kwa shida, kwa hiyo tumezoea kubishana kama vile hayupo. Akamwita mwanawe. Akasema polepole, "Mwanangu, upole umeuchota wewe. Mbona anayefungiwa ndani ni mimi?"

Mume wangu alitoka nje akasimama karibu na msingi, na mpaka naandika hapa hajaligusia jambo hilo. Leo Jumapili, tumetoka kanisani tumekuta lori linashusha tofali nyingine. Nampenda mume wangu na najua upole wake ni wa kweli, si woga. Ila mimi nimechoka kuwa na hasira peke yangu ndani ya nyumba hii.

Kesho ndiyo Jumatatu. Nikienda, namvunjia heshima mbele ya jumuiya yake. Nikikaa, mama yake ataisikilizia Pasaka dirishani. Ndugu zangu, hasa nyie mnaosali, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa: niende, au nizidi kumsubiri?