Taa Ubavuni mwa Lenzi

Kwa miaka mingi, Jumamosi alfajiri, mtaa wa nyuma ya soko la Shinyanga ulikuwa na sauti yake: baiskeli ya Valerian ikitolewa uani, mnyororo ukilia kwa kukosa mafuta, na mkewe Paskalina akiita kutoka ndani, "Baba Loveness, geti! Mbuzi!" Sauti hiyo haipo tena. Baiskeli ipo, imeegemezwa kwenye ukuta wa choo, na mbuzi wapo. Valerian ndiye haamki. Jumamosi analala mpaka jua limguse usoni, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Kazi yake ni picha. Ana studio ya chumba kimoja, ukuta kwa ukuta na duka la Pritesh, muuza filamu, betri na vitenge. Ndani kuna pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji, kiti cha kuzunguka, kioo na kitana. Nje, chini ya kibaraza, kuna ubao mpana uliofunikwa kwa kioo, na humo hubandikwa picha zote zilizorudi kutoka kusafishwa Mwanza, ili wenye nazo wakipita wajione na kuingia kuzichukua. Maharusi, watoto wa komunyo, wachimbaji waliotoka Geita wakiwa na miwani ya kuazima, marehemu ndani ya majeneza yao. Mji mzima husimama kwenye ubao huo. Wengine hawana picha wanayoingojea, ila hupenda kujua nani kaoa na nani kanenepa.

Lakini picha alizozipenda Valerian hazikuwahi kubandikwa pale. Zilikuwa za wadudu.

Alizaliwa upande wa Biharamulo, pembeni ya msitu mkubwa. Utotoni alilala kifudifudi kwenye majani makavu akimtazama buibui akishona, mpaka mama yake akadhani ana degedege. Alipofika Shinyanga, nchi ya mbuga na vumbi, alihisi macho yake yamekosa kazi. Siku moja, akifuta lenzi, aliigeuza nyuma mbele na kuchungulia, akaona sisimizi wa mezani amekuwa mkubwa kama ndama. Tangu siku hiyo hakupona. Alikata kopo la maziwa ya unga, akalipaka masizi kwa ndani, akalifanya bomba la kuisogeza lenzi mbele. Kwa kuwa mdudu aliye karibu hivyo huhitaji mwanga mwingi, aliifunga taa ya kamera ubavuni mwa lenzi kwa mpira wa tairi la baiskeli, ikabana kabisa.

"Fundi," Pritesh alikuwa akimwambia anapokuja kuchukua filamu, "watu wanazaliwa, wanaoa, wanakufa. Wewe unapiga picha nzi!"

"Nzi naye anaoa, Pritesh."

"Basi akulipe!"

Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, kijiji kilichoko mbele ya Samuye, kwa bibi mmoja aitwaye Mbuke. Marehemu mumewe alimwachia ngitili, yaani kipande cha pori ambacho Wasukuma hukizungushia miiko na kukiacha kikue, ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi na watu wapate dawa na kuni. Ngitili nyingi za eneo lile zilikwisha kulimwa pamba. Ya Mbuke ilibaki. Ukiingia, hewa ilibadilika. Migunga iliota mpaka ikashikana, chini kukawa na kivuli na harufu ya ukungu, na kila jani lilikuwa na mwenyewe.

Valerian alifika kabla jua halijawapasha wadudu moto, wakati vunjajungu bado ameganda na umande umemkaa kichwani kama shanga. Wapo wanaowaua kwanza ndipo wawapige picha. Yeye hakuweza. Alilala chini, akazuia pumzi, akangoja. Katika filamu nzima zilitoka picha nne au tano za maana: jicho la nzi lenye vyumba vyumba, buibui mdogo mwenye nywele nyeupe usoni kama babu, kiwavi aliyejifunga vijiti mwili mzima akaning'inia. Akimaliza alikwenda uani kwa Mbuke, magoti yamelowa.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma cha kuokoteza. Kisha, kwa kuwa alijua kimemtoka vibaya, "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Leo umemwona nani?"

"Buibui yule mwenye mvi."

"Mwenzangu huyo," Mbuke alisema, akacheka, akampa uji.

Hakumtoza kitu. Alipenda tu kuona picha. Alizishika karibu na pua, akazigeuza, akauliza kama yule kiwavi hakuumia na ile radi ya kamera. Macho yake yalikuwa yamechoka kama ya wanawake wote waliopika maisha yao yote kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua, ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Mwaka ule mvua za vuli zilikuja kwa nguvu. Jumamosi moja zilimkuta Valerian ngitilini, akakimbilia jikoni kwa Mbuke, kamera ameikumbatia chini ya shati. Mle ndani giza lilikuwa la kupapasa.

"Wadudu wangu wote umewapiga picha," Mbuke alisema. "Mimi mwenye pori hujanipiga hata mara moja. Nikifa wataweka nini juu ya jeneza, panzi?"

Valerian alicheka. Alitoa kopo, akairudisha lenzi mahali pake. Taa hakuifungua. Mikono ilikuwa na baridi, mpira wa tairi umelowa na kuganda, na tangu alfajiri alikuwa amelala matopeni. Aliiacha palepale ubavuni mwa lenzi. Mbuke akajifunga kitambaa vizuri kichwani, akatulia kwenye giza, akaitazama kamera moja kwa moja kama mtu anayetazama mlango. Radi ya kamera ikapiga.

Bahasha ilirudi na gari la Pritesh kutoka Mwanza. Valerian alizipitia picha kwa uchovu, akifikiria pasipoti za siku ile. Ya Mbuke aliiona. Aliona pia kwamba katikati ya kila jicho kulikuwa na duara jekundu linalowaka, na alijua limetoka wapi. Mtu akiwa gizani, mboni hufunguka sana, na taa ikiwa karibu mno na lenzi huingia mpaka ndani na kurudi na rangi ya damu iliyomo nyuma ya jicho. Ni kosa la taa, akajisemea. Uso umetoka vizuri. Akaibandika ubaoni pamoja na nyingine, ili Mbuke akija gulioni ajione.

Alikuwa amekaa Shinyanga miaka kumi na zaidi. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba katika vijiji vile bibi kizee kuitwa mwenye macho mekundu ni kuitwa mchawi, na kwamba kuna vibibi waliokatwa mapanga kwa jina hilo. Alilijua hilo kama mtu anavyojua bei ya sukari. Siku ile, mkononi mwake, aliona kosa la taa tu.

Aliyeona ni Paskalina, aliporudi kutoka sokoni jioni ya siku ya pili.

"Baba Loveness, umeweka nini hapa?"

"Picha za watu."

"Njoo nje uangalie wanaoangalia."

Mbele ya kioo walisimama watu wengi kuliko kawaida, na hawakuwa wakicheka. Mwanamume mmoja aliyebeba gunia la chumvi alikuwa akisema, "Ndiye. Ni yule wa kule mbele ya Samuye. Si nilisema? Kwa macho ya kawaida huwezi kuona. Mashine imemtoa."

Valerian aliibandua picha ile. Kijana wa Mbuke, si wa kumzaa bali wa shemeji yake, jina lake Stanslaus, alikuwa amekwisha kupita pale asubuhi. Stanslaus aliitaka ngitili ile siku nyingi. Wenye mashimo ya dhahabu huko Geita walikuwa wananunua matimba, magogo ya kuegemeza kuta za shimo zisianguke, na migunga ya Mbuke ilikuwa minene na iliyonyooka.

Kesho yake Paskalina hakungoja mtu aamue. Alipanda gari la mizigo la Pritesh, akamkuta Mbuke ameketi uani, na mbele ya mlango mtu amemwaga majivu ya kumtisha. Alimleta mjini na kuku wake wawili. Mbuke alipoonyeshwa picha aliisogeza karibu na pua kama kawaida yake.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

"Sivyo, mayu," Valerian alisema. "Ni taa. Ni mimi."

Alimrudishia picha, akauliza wapi atawafungia kuku.

Ndipo likamjia Valerian la kufanya. Mwenyekiti wa kitongoji cha Mbuke, mzee Enock, alikuwa ameitisha mkutano juu ya picha ile ndani ya bohari la pamba, ambamo mwanga huingia kwa tundu za bati tu. Valerian alikwenda. Walimwacha aongee. Alieleza habari ya mboni na damu ya nyuma ya jicho, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo.

"Wewe fundi," Stanslaus alisema, "miaka yote picha zako tumeziamini. Picha ya kitambulisho, kweli. Picha ya harusi, kweli. Hii moja tu ndiyo imedanganya?"

Watu wakacheka. Valerian naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubishana.

"Basi, wazee wangu, yameisha. Nimekuja na kamera, niwapige picha ya pamoja. Bure. Nitawaletea kila mmoja yake."

Pale pale uzito ukaondoka. Kola zikanyooshwa. Mmoja akaomba kofia ya jirani. Enock aliketi katikati, fimbo kati ya magoti, na Stanslaus akasimama nyuma yake, kifua mbele. Taa ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tairi, ubavuni mwa lenzi. "Nitazameni mimi," Valerian alisema katika nusu giza lile. "Msipepese."

Wakati filamu iko Mwanza, Mbuke alikaa kwao, akichambua mchele kimya. Valerian alisali kama hajasali tangu utoto. Bahasha ilipofika aliifungulia dukani kwa Pritesh, kwa kuogopa kuwa peke yake. Pritesh alitazama juu ya bega lake, akasema, "Loh. Mkutano mzima."

Alimpelekea Enock nyumbani kwake mchana, jua likiwaka. Mzee aliishika picha kwa mikono miwili. Wote waliotazama lenzi walikuwa na macho ya moto, na yake ndiyo yaliyowaka kuliko yote. Stanslaus nyuma yake alionekana kama kitu kilichotoka makaburini.

"Nani mwingine ameiona?" Enock aliuliza.

"Mimi na Pritesh."

"Kwenye ubao?"

"Bado."

Mzee aliilaza picha kifudifudi juu ya goti. "Zile za wengine usilete," alisema. "Waambie imeungua. Na ile filamu yake nipe. Mbuke arudi kwake, hakuna atakayemgusa. Nitasema mimi."

Valerian alirudi mjini akiendesha baiskeli kama kijana. Alimkuta Mbuke anawapa kuku maji, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Umefanya vizuri, baba," Mbuke alisema. "Lakini sirudi."

"Mzee ameahidi mbele yangu."

"Ameahidi kwa kuwa ameogopa macho yake. Hao hawakuyataka macho yangu, walitaka miti. Wakiitaka tena watatafuta kingine, na wewe hutakuwepo na kamera." Alifuta mikono kwenye khanga. "Nitakwenda kwa Klara."

Klara, bintiye, alikuwa ameolewa Buseresere. Paskalina alimfungia chakula cha njiani. Kituoni Mbuke alimshika Valerian mkono, akakataa kupokea picha yake nyingine, ile aliyompiga siku zile uani kwao mjini, mchana kweupe, macho yake yakiwa meusi na ya upole. "Ikae kwako," alisema, na basi likaondoka.

Ngitili ilikatwa kiangazi kilichofuata. Valerian alikwenda mara moja tu, alfajiri, kwa mazoea. Alikuta visiki vinavuja utomvu, alama za matairi ya lori, na udongo uliokwisha kuwa mweupe kwa jua. Alilala chini akaweka jicho kwenye kamera. Sisimizi wachache walikuwa wakizunguka kisiki, wakitafuta njia iliyokuwa ikipanda mtini. Hakupiga. Alifungua ule mpira wa tairi, akaitenga taa na lenzi, akarudi mjini kabla jua halijawa kali.

Studio ipo palepale, ukuta kwa ukuta na Pritesh, na Jumamosi hufunguliwa saa nne. Mbuke yuko Buseresere kwa bintiye Klara, katika nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, kando ya barabara ya Biharamulo, ile iendayo kwao Valerian.