Mfarishi wa Nguo Zisizochukuliwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kutia uzi kwenye sindano, Swafiya alizitoa zile nguo na kuzitundika mlangoni, zikitazama barabara ya Kimisagara. Zilikuwa kumi na moja. Wateja walizileta kushonwa kabla ya mauaji ya Aprili, naye alizifukia ndani ya gunia uani kwa mama yake, pamoja na kichwa cha cherehani. Tangu mwezi wa saba alizitoa asubuhi na kuzirudisha jioni, ili mwenye nguo akipita aione. Hakuna aliyesimama.

Mwezi wa kumi mvua ilianza. Nyumba yao ilikuwa imeporwa hadi mikeka, na mama yake alilala sakafuni akikohoa. Swafiya alitoka kuulizia wateja wake, nyumba kwa nyumba. Kwa Athanasie, mwalimu wa kule bondeni, alikuta kuta zimeungua na jirani aliyemwambia, "Hapa hakubaki mtu." Kwa wengine aliambiwa vivyo hivyo, au hakukuta wa kumwambia. Aliporudi alichukua mkasi. Alizikata zote kumi na moja siku ile ile, miraba ya shibiri moja, wala hakuhisi lolote. Mkono ulikata kama ulivyozoea kukata.

Aliiunganisha miraba iwe mfarishi, tandiko nene la mama yake kulalia. Chini akatandika kitambaa cha marekani, katikati akalaza blanketi lililoungua upande mmoja, akapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu. Kisha akaanza kushona kwa mshazari. Mstari wa kwanza ulipita katikati kabisa, pembe hadi pembe, na mingine ikaufuata kwa nafasi ya vidole vitatu, kama marehemu baba yake alivyomfundisha. Ukianzia ukingoni, kitambaa kinajikunja. Mshono wa namna hiyo haujali kiraka kinaishia wapi. Unapita juu ya vyote.

Alikuwa amebakiza kona moja tu, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, mtu aliposimama mlangoni.

"Fundi, gauni yangu iko?"

Ni Athanasie. Alikuwa amekonda, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Swafiya aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mstari ukafika mwisho. Kisha akakata uzi.

"Mama Rugamba," alisema. "Karibu."

"Niite Athanasie tu."

Swafiya alimsogezea kigoda.

"Nilikuwa Gitarama, kwa masista. Mkono ulichelewa kupona." Athanasie akatazama ukuta mtupu. "Leo huniambii nije Ijumaa? Ijumaa nne ulinizungusha, fundi! Mume wangu alisema gauni hiyo nitaivaa kwenye harusi ya wajukuu."

Hakuna aliyecheka.

"Iliisha," Swafiya alisema. "Ilibaki vifungo tu."

"Basi nipe hivyo hivyo. Kitenge kile alininunulia yeye, Krismasi. Sina kingine cha nyumba ile. Hata picha."

Swafiya aliutoa mfarishi kwenye cherehani, akautandaza magotini mwa mgeni. Kitenge cha njano chenye ndege wa bluu kilikuwa pale, miraba kumi na tisa, imetawanyika kati ya suruali ya kijivu, sare ya shule na kanzu ya bwana harusi.

"Niliambiwa hakubaki mtu."

Athanasie aliwapapasa ndege kwa mkono wake mzima, mmoja baada ya mwingine. Hakulia, wala Swafiya hakungoja alie.

"Siwezi kukitoa chako peke yake. Uzi umepita kwenye vyote. Chukua mfarishi wote."

"Wote si wangu. Hii suruali ni ya Bizimana, yule wa duka la sabuni. Nilimkuta hapa siku anapimwa."

"Ni yake."

"Fumua, fundi. Nipe ndege wangu."

Swafiya aliwaza kwamba mama yake atalala tena sakafuni bila kitu, mvua hii. Aliliwaza hilo kama habari ya nyumba nyingine. Alichukua wembe, akaanza na mstari aliokuwa ametoka kuumaliza, akikata mshono baada ya mshono. Athanasie alimshikia pembe. Walifika mstari wa nne.

"Na Bizimana akija?" Athanasie aliuliza.

Swafiya alipuliza nyuzi kwenye wembe.

"Nitamwambia niliikata."