Mgongo wa Msawazisha Makaa

Kuna mji mmoja wa pwani ya Wales ninaoujua kuliko miji mingi niliyoikanyaga, ingawa sijawahi kuuona. Niliujulia bafuni, katika nyumba ya matofali huko Grand Prairie, nilikoajiriwa kumtunza mzee mmoja mzaliwa wa mji huo mwishoni mwa miaka ya tisini. Binti yake alikuwa ameolewa huko huko Texas, na mama alipofariki akamleta baba akae naye.

Mimi nilikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kenya, nimepita sitini. Yeye alikuwa amepita themanini na mitano. Kila asubuhi niliendesha gari kutoka Euless, mji wa jirani, nikimshukuru Mungu kwa kazi, na kwa magoti yaliyokuwa bado yanakunjika. Aliposikia kwamba mimi ni mzee wa kanisa, alianza kuniita Shemasi. Nami nilimwita Mzee, neno alilolipenda kwa sababu, alisema, lilisikika kama cheo.

Mji wake ulikuwa na nyuso mbili. Upande mmoja wa kilima palikuwa na gati, reli, na meli zikipakiwa makaa ya mawe. Upande wa pili palikuwa na mchanga, wageni wa likizo na wauza aiskrimu. Upepo ukigeuka, wanawake walikimbia kuanua mashuka kabla hayajawa meusi. Yeye, tangu ujana, alishuka na sepetu ndani ya tumbo la meli kusawazisha makaa yaliyomwagwa kutoka juu, ili meli isije ikalalia upande mmoja baharini.

Siku ya kwanza nilipomwogesha aliniwekea sharti.

"Kila mahali, Shemasi, ila mgongo. Mgongo ukioshwa unalegea. Baba yangu hakuuosha, wala mimi."

Sikubishana. Kwa kweli nilifarijika. Nimelelewa kujua kwamba mtu hatazami uchi wa mtu wa rika la baba yake, na Maandiko yananiambia vivyo hivyo: Shemu na Yafethi walimfunika Nuhu wakitembea kinyumenyume. Basi nilimsugua mikono na miguu, na alipoinuka nilimpokea kwa taulo huku nimegeuza uso. Niliona nafanya kazi yangu kwa heshima kubwa. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Ndipo muuguzi msimamizi alipokuja kumkagua. Alikuwa binti wa Kikenya aliyeishi Cedar Hill, na tulisali kanisa moja. Alimpandisha shati, kisha akaniita koridoni.

"Mwalimu, mzee ana kidonda juu ya kiuno, cha kukaa kitini kutwa. Hiki hakikuanza jana. Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Ukutani," nikasema.

"Ukutani! Wewe umeajiriwa hapa kama mtunzaji au kama Yafethi?"

Akanielekeza: kisafishwe kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kifunikwe, na mzee asikae muda mrefu. Angerudi baada ya wiki mbili. Binti wa mzee alisikia yote. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Nampenda baba," alisema, "lakini kama hakubali kuoshwa, nitampeleka nyumba ya wazee. Sitamwacha aoze hapa kwa ukaidi."

Mzee aliogopa jambo moja tu duniani, naye alikuwa ameniambia mara nyingi: kufia kwenye kitanda kisicho cha watu wake. Niliingia chumbani, nikaketi mbele yake, nikakiri kosa langu kabla ya kugusa lake.

"Mzee, niligeuza uso nikadhani ni adabu. Kumbe nilikuwa nakuacha. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mgongo huoshi."

Nilitabasamu, nikaomba kimoyomoyo, nikangoja. Nimefundisha watoto miaka thelathini, najua kungoja. Nikamrudisha kwenye mji wake, nikamuuliza kama katika maisha yake yote mgongo huo haukuwahi kulowa.

"Ulilowa baharini, bila shaka. Siku ya likizo bandari nzima ilivuka kilima. Wake zetu waliketi mchangani, sisi tukajitosa. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi!"

"Na haukulegea?"

Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto mzito wa kuelewa. "Hayo ni maji ya chumvi, Shemasi. Bahari si kuoga."

Nilikwenda jikoni nikachemsha maji, nikapima chumvi kama nilivyoelekezwa, nikayaacha yapoe. Nilipoleta beseni, alichovya kidole akaramba.

"Haya ya mtoni. Ongeza."

"Nikiongeza yatakuwasha, Mzee."

"Bahari ilikuwa inawasha."

"Basi leo imetulia."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akavua shati mwenyewe, akanipa mgongo.

Nami nikautazama. Juu ya kidonda, toka bega hadi bega, palikuwa na michirizi ya samawati chini ya ngozi: mikwaruzo ya ujana iliyopona na vumbi la makaa likiwa ndani. Nilisafisha polepole, yeye akinisimulia mkwaruzo huu ulitoka kwenye meli gani na ule ulitoka wapi. Siku zilizofuata aliniuliza mapema, "Shemasi, bahari iko tayari?"

Muuguzi aliporudi, kidonda kilikuwa kimeanza kufunga kingo. Aliangalia mgongo, akaniangalia mimi, akamwambia binti wa mzee, "Anaweza kubaki."

Alibaki zaidi ya miaka miwili. Alifariki Jumapili moja asubuhi, kitandani kwake, binti amemshika mkono. Watu wa mazishi walipokuwa njiani, binti aliniletea beseni na pakiti ya chumvi. Tulimgeuza ubavu pamoja, nikamwosha mgongo, macho yangu yakiwa wazi.