Siku Shangazi Alipokutana na Chuo Changu

Shangazi alikubali kusimama kando yangu nikitetea tasnifu kwa sababu moja tu: alitaka kuwaona watu waliotaka kunichukua. Chuo changu, chuo kikuu kikongwe cha serikali huko Ulaya, kilikuwa kimeahidi kuniajiri nikifaulu, na yeye ndiye aliyenilea kule Kabuchai tangu mama alipofariki.

Chuo hicho kina desturi yake. Mtahiniwa husimama na wenzake wawili waliovaa nguo nyeusi. Zamani waliruhusiwa kumjibia akikwama. Siku hizi ni pambo tu. Nilimweleza shangazi yote hayo. Alishika ile ya zamani.

Basi tukasimama sebuleni kwangu Kitale mbele ya kompyuta, mimi, yeye na binamu yangu, maprofesa wamejipanga kwenye skrini na majoho yao. Tasnifu yangu ilihusu wanafunzi wa karne za mwanzo za chuo hicho, waliotoka mbali na kuungana kwa vikundi kulingana na makwao. Walimlisha mgeni, wakamzika aliyefia ugenini. Profesa mmoja akauliza kwa nini vijana maskini wachangie mazishi ya mtu ambaye hata hawakumfahamu. Alidhani amenibana.

Shangazi akasogea mbele. "Ati hii watu inauliza mtoto maswali na haijasalimia? Si waanze na salamu, bana."

Nikamvuta mkono taratibu. Swali lenyewe lilikuwa mteremko. Nilimwambia profesa kwamba naishi katika mji wa wahamiaji, wengine wa Bungoma, wengine wa Kenya ya Kati, na kila kundi lina chama cha kusafirisha maiti hadi kwao. Anayechanga hamfikirii marehemu sana. Anajifikiria yeye mwenyewe, siku yake itakapofika. Profesa akaandika kitu, na kuanzia hapo sikumwogopa mtu.

Wakatoka kwenda kushauriana.

"Hiyo naijua," shangazi akasema akiketi. "Wakwe wakitoka nje, wamekubali. Sasa wanatafuta tu nani ataongea."

Ndipo nilipoelewa kwamba muda wote huo yeye alikuwa kwenye mazungumzo ya mahari.

Waliporudi, mwenyekiti akatangaza kwamba nimefaulu, kisha akasema chuo kinanipokea rasmi kama mtu wake. Nikamtafsiria shangazi kwa furaha, bila kufikiri. Akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaikazia macho skrini.

"Waambie tumesikia. Lakini hatujapeana mtoto. Tumewaazima."

Mwenyekiti alikuwa akisubiri tafsiri. Ningeweza kusema shangazi anashukuru, mambo yakaisha. Kazi ile niliitaka, sitadanganya. Nikamwambia mwenyekiti alivyosema shangazi, neno kwa neno, halafu nikaongeza langu: mkataba uwe wa miaka miwili, kisha narudi nyumbani.