Fundi wa Mvuke Aliyepotewa na Ladha

Saa tatu asubuhi, mlango wa duka umefunguliwa nusu, na Fundi Mvuke tayari ameinama juu ya meza. Anazungushia waya mwembamba kwenye kijiti cha chuma, anaukata, anaufunga ndani ya sigara ya umeme, anapachika pamba, anadondoshea majimaji yenye ladha ya nanasi. Kisha anafanya kile ambacho tajiri wake hudai kabla mteja hajakabidhiwa: anavuta.

Anatikisa kichwa. Hakuna kitu.

"Kama kunyonya mrija mkavu," anasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla siku haijaanza.

Mwaka wa sita huu anasuka koili, zile nyaya zinazopashwa moto na betri hadi majimaji yageuke mvuke. Siri yote, anaeleza, ni ukinzani. Waya mwembamba wenye mizunguko mingi huubana umeme: joto huwa la wastani, mvuke mdogo, ladha nyepesi. Waya mnene wenye mizunguko michache huuachia umeme upite kwa fujo: koili huwaka, mvuke hujaa chumba, ladha huja nzito. Ukizidisha, pamba hukauka na kuungua.

"Vijana wanataka mawingu," anasema. "Watu wazima wanataka kitu cha kutuliza roho. Mimi huwaamulia kwa ulimi."

Ulimi huo ndio uliomsaliti. Kwa kuonja kutwa nzima, ulikufa ganzi polepole, bila mwenyewe kujua. Kila ladha ilipofifia, alidhani kosa ni la waya. Akaongeza unene, akapunguza mizunguko. Koili zake zikazidi kuwa za moto, naye akaziona sawa tu.

Mwezi uliopita alirudi dereva wa lori, mteja wake wa siku nyingi, midomo imembabuka.

"Fundi, umeniuzia sigara au pasi?"

"Niliionja mwenyewe, kaka."

"Basi una mdomo wa bati!"

Duka zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Jioni alimuuliza mkewe kama mchuzi una chumvi.

"Baba Pacha, nimetia mara mbili makusudi," mkewe akamjibu. "Wiki nzima nakujaribu, nawe unakula tu."

Daktari alimwambia aache kuvuta, huenda ladha ikarudi. Lakini tajiri ameshasema: koili ambayo fundi hajaionja haitoki dukani, na asiyetaka kuonja atafute kazi kwingine.

Kabla ya adhuhuri dereva yule anaingia tena, anaweka sigara yake mezani. Fundi anasuka upya, waya mwembamba, mizunguko mingi, anadondoshea majimaji ya embe. Anaiweka kwenye kipimo cha ukinzani: omu moja na nusu, joto la wastani. Anamsukumia dereva.

"Onja wewe."

Tajiri anainua macho kutoka kaunta. "Vipi, leo huonji?"

"Sionji, bosi. Wala kesho."

Dereva anavuta taratibu, kama anayeogopa chai ya moto. Anashusha pumzi. "Embe," anasema. "Embe kabisa."

Tajiri anaguna, anarudi kwenye simu yake. Hajakubali, hajakataa.

Fundi anasugua macho. Akifukuzwa, anasema, atatafuta benchi la kutengeneza redio.

"Redio ikiharibika unaisikiliza," anasema, akichukua waya mwingine. "Haikuombi uilambe."